Uzinduzi wa Ukumbi wa Dansi Ulioboreshwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye leo ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mlezi wa Mradi, ambaye pia ni mimi, waheshimiwa manaibu wangu, wapiga ala, wacheza dansi, na ninyi mliokuja baada ya kusikia kuna soda, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Babu na bibi zenu walikutana katika ukumbi huu wa dansi, wakaoana, na ndiyo maana leo mpo hapa kunisikiliza. Kisha vijana wakaja na bendi zao, wakaujaza kila Jumamosi, hadi ofisi yangu ikaona kwamba mahali panapopendwa kiasi hiki hapawezi kuachwa hivi hivi bila mkakati.

Katika awamu ya kwanza ya mchakato shirikishi wa uboreshaji, wataalamu wetu wa akustiki walibaini kuwa paa lilikuwa likibana sauti ya tarumbeta, kwa hiyo tukaliondoa, na sauti ikatoka. (Makofi ya safu ya mbele.) Katika awamu ya pili ilibainika kuwa kuta zinawatenga wadau walio nje na wadau walio ndani, jambo lisiloendana na dira yetu, nazo tukaziondoa. Ile sakafu ya mbao, ambayo wazee waliisifu kwamba inamrudishia mchezaji mguu wake, imehifadhiwa. (Sauti: "Wapi?") Sebuleni kwangu, mahali pasipo na unyevu. (Minong'ono.) Hivyo, uwezo wa ukumbi umepanda kwa asilimia mia nne, bila kuhesabu walio ng'ambo ya barabara.

Namwona mwimbaji wetu, ambaye bendi yake haina pa kupigia tangu tulipoufunga ukumbi, amenyoosha mkono. Sema, mama. (Mwimbaji: "Mheshimiwa, uliniahidi leo tunarudi jukwaani. Wanangu hawa wa bendi wamekaa bila kazi mpaka wameanza kunikimbia. Wewe nionyeshe jukwaa tu, mengine niachie.") Swali zuri sana, na nimelipokea. Jukwaa liko awamu ya nne. (Mwimbaji: "Na ya tatu ni ipi, baba?") Ya tatu ndiyo hotuba hii. (Kicheko. Kilikoma Mheshimiwa alipoinua macho.)

(Mwimbaji alianza kuimba pale pale aliposimama. Mpiga tarumbeta akamfuata. Watu wakacheza juu ya lami.)

Mnaona? Wapo waliothubutu kusema ukumbi haupo. Iandikwe kwamba umeanza kutumika kabla ya muda uliopangwa. (Makofi, ila hayakuwa ya hotuba.) Semeni nami: Dansi kwa wote. (Watu waliendelea kucheza.) Uboreshaji daima. (Naibu mmoja aliitikia.)

Namalizia kwa kumshukuru kwa dhati mwenye maegesho haya, aliyekinunua kiwanja hiki kutoka kwetu hata kabla kamati yangu haijaundwa, na ambaye kwa moyo wa kizalendo ametuazima kwa saa moja. Mama, ukimaliza ubeti huo usianze mwingine. Magari yanarudi.