Visahani Vyangu Vitulivu

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa maabara katugawia kazi. Mwenzangu wa meza ya pili, Dada wa Hadubini, kapewa visahani vya seli za ini vya kutiwa haidrojeni peroksaidi, tone kwa tone. Seli ya ini ikichokozwa na oksijeni kali namna hiyo hupiga yowe: humwaga protini za kuita uvimbe. Yeye atapima yowe. Mimi? Visahani visivyotiwa kitu. Vya kulinganishia. Kazi yangu ni kuhakikisha havifanyi lolote. Miaka kumi na tisa ya utumishi!

Ijumaa Mkuu atachagua mmoja wetu abaki na seli. Mwingine anakwenda chumba cha kuoshea chupa. Dada ana miaka mitatu tu hapa, na huniita “kaka” kwa sauti ya mtu anayeuguza mgonjwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaza hadi chai ikapoa. Mtu atang'araje kwa kutofanya kitu? Jibu likaja nikiwa nakoroga: visahani vyangu viwe vitulivu kuliko vyote vilivyowahi kutulia. Mama watoto hunipa vidonge vya vitamini C nikipata mafua, vile vya rangi ya machungwa. Vitamini hiyo si ndiyo adui wa oksijeni kali? Nikasaga viwili, nikayeyusha, nikachuja vijidudu (mimi si mshamba), nikadondosha kidogo katika kila kisahani. Nikavirudisha kwenye kabati la joto la kukuzia seli, nikalifunga polepole, kama mlango wa chumba alimolala mtoto.

Jioni nikamdokezea mama watoto kwamba nimegundua siri ya utulivu. Akauliza mbona basi natikisa mguu tangu tuketi. Maneno ya kukata maini.

Jumatano, 6 Machi

Dada kauliza hali ya visahani vyangu. Nikasema havijambo, vinasinzia. Akasema vya kwake anavionea huruma. Nikacheka kimoyomoyo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kipimo. Protini ikiwa nyingi, maji kwenye vishimo vya bamba la kipimo hugeuka manjano. Ikiwa haba, hubaki maangavu. Vya Dada: manjano ya kiasi, kama ilivyotarajiwa. Vyangu: kiini cha yai. Seli zangu tulivu zimepiga yowe kuliko zilizoteswa!

Nikapendekeza kwamba labda mashine imechoka. Ikapimwa upya. Haijachoka.

Mkuu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akavua miwani. “Ndugu yangu, umezilisha nini hizi?”

“Upendo tu, Mkuu.”

Dada akautazama mfuko wa koti langu jeupe. “Kaka, upendo wako unachuja rangi.”

Doa la machungwa. Ukubwa wa kiganja.

Mkuu akanieleza kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Vitamini hiyo mwilini ni rafiki, lakini ikimwagwa kwenye mchuzi wa kukuzia seli hushikana na oksijeni ikazaa peroksaidi ile ile. Kumbe mtesaji mkubwa nilikuwa mimi, na mwenzangu angalau alikuwa na kipimo! Wiki mbili za kukuza seli zimekwenda na maji. Za Dada pia, maana sasa hazina cha kulinganishwa nacho.

Ijumaa, 8 Machi

Chumba cha kuoshea chupa. Si kibaya. Kina kioo kinachotazama kabati la joto.

Dada kapita. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake akasema anaanza upya, na Jumatano naweza kuja kuvitazama visahani, mradi mikono ibaki mfukoni. Nikamwomba radhi, na nilimaanisha. Muungwana yule.

Nimesugua chupa mia na kidogo, nikatafakari kwa utulivu. Usiku kucha visahani vile vitakuwa peke yake kabatini, bila wa kuvijali. Na kosa langu nimeliona wazi. Ni ile rangi.

Nimemuuliza mama watoto kama duka la dawa lina vidonge vyeupe.