Dumu la Mama Mkwe

Jumatano, 4 Juni 2025
Mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Butiama. Miaka kumi na moja anakujaga hapa Makoko na dumu lake la maji, eti ya ziwa yananuka samaki. Chai yangu hajawahi kuionja. Mke wangu Debora anacheka tu. Mimi sicheki. Safari hii atakunywa, tena ataomba kikombe cha pili. Nimeliwaza hilo mchana kutwa nikitazama ziwa, kijani, laini kama kitenge kipya. Ugali ukaungua.

Alhamisi, 5 Juni
Nimechota pipa zima penye ukijani, jirani na wanaoosha dagaa. Nikatia dawa ya maji, klorini. Ikapanda harufu ya hospitali. Safi. Nikaongeza.

Ijumaa, 6 Juni
Yananuka zaidi. Hilda wa maabara ya maji kapita, kaziba pua, kauliza shemeji unafua mashuka ya wageni wangapi. Kisha akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto wa darasa la tatu. Ule ukijani na maji ya dagaa vina asidi amino, vipande vya protini vilivyoyeyuka. Klorini ikikutana navyo inazaa vitu vipya: vingine vinanuka, vingine mwili hauvitaki. Nichote mbali, nichuje, nitie dawa kwa kipimo. Niliitikia kila neno. Lililobaki kichwani ni protini.

Jumamosi, 7 Juni
Kafika. Chai nimeipika mwenyewe, kwa maji ya pipa. Akainua kikombe, nami nikaona kila kitu kikienda taratibu: mvuke, mkono wake, miaka kumi na moja ikiyeyuka. Akanusa. Akauliza chai hii ilikuwa imelazwa wodi gani. Debora akatoka nje, mabega yakitikisika. Mama akasema kwa huruma, baba, mimi nimekuja kuwasalimia, sijaja kulazwa. Akafungua dumu, akanimiminia na mimi. Matamu, kama mvua ya usingizini. Niliomba kikombe cha pili.

Jumapili, 8 Juni
Ameondoka. Kaniachia dumu, lina nusu, kaagiza ninywe mwenyewe. Nimekaa nayo kivulini maji yale hadi jua limeelekea ziwani. Hayana rangi, hayana harufu. Na kwa maelezo ya Hilda, hayana hata chembe ya protini. Maskini mama, kumbe ndiyo maana amekonda. Nimetia konzi ya dagaa humo dumuni, na vizibo viwili vya dawa. Akirudi Krismasi atakuta nimeshapata kipimo.