Kaburi la Nyuma ya Duka la Badawy

Siku serikali ilipotangaza kwamba Voi itatengewa mahali pa kusimamisha magari ya ng'ombe, watu wote waliuliza yatasimama mangapi. Alwi peke yake aliuliza litabomolewa duka la nani.

Vita vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na magari kutoka Chawia yalizagaa mbele ya stesheni hadi abiria wakawa wanashukia migongoni mwa maksai. Duka lililokuwa hatarini, hapo hapo mbele ya stesheni, lilikuwa la Badawy. Alwi, mtu mwenye maneno matamu na kanzu moja safi, alimkuta ameshika tama.

"Mzee Badawy, mzungu mpimaji wa ardhi hagusi vitu vya kale. Akiona kaburi la zamani, hupindisha hata barabara."

"Mimi sina kaburi."

"Leo huna."

Badawy, ambaye kumwonjesha mteja chumvi kulimuuma kama jino, aliahidi mbuzi wawili wanono. Alwi akapanga mawe nyuma ya duka, na siku tano nzima akayamwagia maziwa yaote kuvu. Kazi ya heshima, hiyo, na hakuna aliyeisifu ila fundi mwenyewe.

Siku ya baraza mpimaji alikuja na vigingi vyake na askari mmoja. Danson wa Chawia, mwenye gari la ng'ombe, akasimama kwanza.

"Bwana, sisi nataka mahali ya kusimama tu. Ng'ombe yangu alikula kofia ya stesheni masta, lakini si kupenda yake."

Mpimaji akazunguka nyuma ya duka, akasimama ghafla. "Hili kaburi la nani?"

Badawy akamtazama Alwi. Swali hilo halikuwamo katika mapatano, lakini Alwi hakuzaliwa kunyamaza.

"La babu yangu!" akasema, na chozi likaja lilipohitajika. "Mzee Mbaruk. Alifia hapa kabla ya reli."

Mpimaji akavua kofia, akahamishia vigingi uwanja mtupu ng'ambo ya reli. Duka likapona! Badawy nusura acheze. Alwi naye akawakamata mbuzi wake, maana garimoshi la Mombasa lilikuwa linakaribia.

"Subhanallah!" Alikuwa Bi Mwanaesha, mkewe Badawy, aliyeanika kanga zake mahali pale miaka tisa bila kujikwaa kwa marehemu yeyote. "Mjukuu umelipata kaburi la babu, nawe wenda zako bila kumsomea hitma?"

"Nitamsomea Mombasa, mama."

"Mombasa kazikwa nani? Jamani, msiondoke! Mjukuu atulisha leo!"

Baraza zima likaketi chini, Danson mbele kabisa. Alwi akamtazama askari, akawatazama mbuzi. Kumkana babu mbele ya serikali ni jela. Kumnyima hitma mbele ya wazee wa msikiti ni aibu ya milele.

Mbuzi wakachinjwa. Mchele ukatoka dukani, na kanzu safi ikabaki dukani kuulipia. Dua hazikupotea, kwani Bi Mwanaesha aliwaomba wasomaji wawaombee rehema wazee wote waliowahi kuzikwa kweli.

Alwi akaparamia behewa la mwisho akiwa na msuli tu kiunoni, hajaonja hata mfupa. Bi Mwanaesha akamkimbilia, akamtupia dirishani kamba mbili walizokuwa wamefungiwa mbuzi.

"Mwakani vivi hivi, mwanangu!" akapaza sauti. "Na uje na wanono zaidi, babu amependwa!"