Moyo Uliotangulia Bima

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, kwa kuwa hawakuwahi kufika Kaunti ya Tansel, Ohio. Huko mchagua jembe ndiye mkulima halisi, mradi jembe liwe moja tu.

Kwa msingi huo, kiangazi kile serikali ilipotaka kuanzisha bima ya afya ya umma, ili raia aweze kuichagua badala ya zile za makampuni, Bwana Everett Lindqvist aliunda Kamati ya Kulinda Haki ya Kuchagua. Mwenyewe alikuwa meneja wa Bima ya Harborvale, kampuni pekee iliyouza bima ya afya katika kaunti nzima. Wananchi walikuwa na uhuru kamili wa kuichagua. Wakiongezewa chaguo la pili, alieleza Lindqvist, uhuru huo utagawanyika nusu kwa nusu, na nani asiyejua kwamba nusu ni ndogo kuliko kamili?

Kamati iliitisha mkutano wa hadhara katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule. Palikuwa na kahawa na donati za aina moja. Lindqvist alibandikwa kipaza sauti kidogo kwenye kola, akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu! Bima hii ikipita, karani wa serikali atasimama kati yako na daktari wako!"

"Na karani wa Harborvale anayesimama hapo sasa atasogea wapi?" aliuliza mwanamke wa safu ya nyuma. "Maana nafasi yenyewe finyu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lindqvist alimtambua: Darlene Kuzma, dereva wa basi la shule. Mumewe, Stan, alikuwa ameanguka akikata nyasi. Madaktari wakasema valvu ya moyo imechoka, ibadilishwe upesi. Harborvale ilikuwa imelichunguza jambo hilo kwa kina, ikakataa kulipa.

"Bi Kuzma," Lindqvist alisema kwa upole wa kiofisi, "suala la mumeo lilishatolewa ufafanuzi. Hatulipii maradhi yaliyotangulia bima."

"Stan hakuwahi kuugua moyo maisha yake yote."

"Hatukusema aliugua. Tulisema moyo alikuwa nao kabla hajajiunga nasi."

"We Everett! Ulitaka ajiunge bila moyo?"

"Kanuni haimlazimishi mtu."

"Wako je? Uliupata baada ya kupandishwa cheo?"

Lindqvist alikuwa na jibu zuri sana, lenye vipengele na vifungu. Kwa bahati mbaya joto la Agosti, donati na ghadhabu vilikutana kifuani mwake bila idhini ya kamati. Alishika kola, akaenda chini kama gunia la mahindi.

Katibu wa kamati, Bi Prudence Oakes, alifuata utaratibu. Aliipigia simu Harborvale kuomba kibali cha matibabu, akaiweka simu karibu na mgonjwa ili asikie huduma anayopewa.

"Kwa dharura iliyopangwa," ilisema mashine, "bonyeza moja. Kwa dharura nyingine, tafadhali panga kwanza."

"Kuna anayejua kama Everett alipanga?" Prudence aliuliza.

"Waulize na moyo wake kama ulikuwapo kabla ya bima," Darlene alijibu. Alikuwa amepiga magoti anamlegezea tai, na alikuwa ameshawaita zimamoto.

Zimamoto wa kaunti, ambao hulipwa kwa kodi, walifika bila kuulizia kadi ya bima ya mtu.

"Tukupeleke wapi, mzee? Hospitali inayokubaliwa na Harborvale iko mbali kidogo, saa nzima. Ya kaunti ndiyo hiyo, ng'ambo ya barabara."

Lindqvist alizikumbuka kanuni zote za kamati. Akamkumbuka na mkewe. Kisha akanong'ona, na kile kipaza sauti, ambacho wakati huo kilikuwa hai kumzidi, kikaupeleka mnong'ono hadi safu ya nyuma:

"Ya umma. Ya umma, jamani, upesi!"

Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Katika hotuba zake zote hakuwahi kushangiliwa vile.

Septemba ilipoanza, Lindqvist alijikokota hadi kwenye baraza ya akina Kuzma. Stan alikuwa kitini, blanketi miguuni, na jua linawaka. Darlene alikuwa akipanga karatasi za saini za kumtaka seneta aipigie kura bima ya umma.

"Kamati inakutaka uombe radhi hadharani," Lindqvist alisema. "Ulikejeli ofisi yangu nikiwa mahututi."

"Kaa kwanza, utaanguka tena," Stan alisema. "Harborvale wamekulipia?"

"Suala langu linachunguzwa kwa kina."

"Wamesemaje?"

Lindqvist akatazama viatu vyake. "Kwamba moyo nilikuwa nao."

Stan alicheka hadi kicheko kikamkata pumzi, akabaki ameshika kifua. Darlene hakucheka. Alimpigapiga mumewe mgongoni mpaka pumzi ikarudi, kisha akasukuma kalamu mezani.

"Seneta anapita kesho. Stan hana majira mawili ya baridi ya kusubiri."

Lindqvist aliishika kalamu. "Tufuate utaratibu. Wewe uombe radhi kwanza, ndipo mimi nisaini."

"Saini hapo, chini ya jina la Prudence," Darlene alisema. "Radhi siombi."