Kaimu Bundi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Idara ya Viumbe na Mahusiano Yao imeanza rasmi kuwafundisha wanafunzi ikolojia. Kabla ya hapo viumbe walikuwa wakihusiana kiholela, kila mmoja na lake, bila mwongozo wala msimamizi.

Msimamizi ni mimi, Afisa Mwandamizi. Nafasi ya Mkurugenzi Msaidizi ilikuwa wazi, na mwenye macho aliona inanifaa mimi na si mwingine. Nilichohitaji ni uzinduzi usio na doa.

Kumbe somo lilishaanza bila idhini! Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anafundisha sayansi katika shule iliyopakana nasi. Kila wiki alileta watoto kwenye stoo yetu, wakaokota madonge ya manyoya na mifupa sakafuni. Darini aliishi bundi. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha hutapika donge la asichoweza kusaga. Watoto waliyachambua kwa njiti na kupanga mifupa kwenye karatasi: fuvu hapa, mguu pale.

"Shemeji, hebu ona," aliniambia, "donge moja, panya watatu! Panya anakula nafaka, bundi anakula panya. Mtoto akishika kitu hiki hasahau."

"Shemeji, ikolojia si matapishi," nikamjibu. "Ikolojia ni mchakato shirikishi."

Jioni moja Mkurugenzi akaja kukagua maandalizi. Bundi akalia mara moja tu. Mkurugenzi, msomi wa shahada tatu, akajibanza nyuma yangu.

"Uchuro huo! Anamlilia nani? Mkubwa humu ndani ni mimi peke yangu!"

Kesho yake nikaitisha kikao cha dharura cha wadau. Bundi alialikwa, hakutokea, tukahesabu kwamba ameridhia. Tukaazimia ahamishwe kwa manufaa ya umma. Fundi akapanda na fagio, akamtimua, akaliziba tundu kwa bati. Mkurugenzi akanipiga begani, nikajua mambo yangu safi.

Shemeji akaja mbio, jasho linamtiririka. "Umefanya nini, shemeji? Panya wenu wataliwa na nani sasa?"

"Panya hawamo kwenye ajenda. Na masomo yako ya matapishi yamesitishwa. Ukibisha, utahamishiwa shule ambayo hata mkaguzi haijui njia yake."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Haya. Utanikumbuka."

Uzinduzi ukaahirishwa miezi miwili tukisubiri kapeti jekundu. Wakati huo stoo ikaanza kukwaruza. Nikaunda Kamati Ndogo ya Mikwaruzo, ikafanya kazi usiku na mchana, ikabaini kwamba mikwaruzo ipo.

Siku yenyewe ikawadia. Tukatoa stoo kiti cha heshima, cha velveti na sponji nene, tukakiweka jukwaani mbele ya shule nzima. Mkurugenzi akaketi kwa uzito unaolingana na cheo chake. Ndani ya sponji walikuwamo mama panya na wanawe, ambao hawakuwa wameshirikishwa katika maandalizi. Mama akatafuta pa kutokea. Pa karibu palikuwa mguu wa suruali.

"Mamaaa! Nakufa jamani!"

Mkurugenzi akarukia juu ya meza iliyokuwa mbele yake, akafungua mkanda mwenyewe, akairusha suruali kwenye kapeti jekundu. Akabaki na bukta ya maua. Watoto hawakucheka mara moja. Walikuwa wanafunzi wazuri, kwanza walimwangalia panya.

"Mwalimu, ni wale wale wa kwenye madonge!"

"Vizuri," alisema shemeji, sauti yake tulivu kabisa. "Na kwa nini wamezidi?"

"Kwa sababu bundi amefukuzwa!" shule nzima ikajibu. Ndipo kicheko kikapasuka, hadi walinzi wakashika mbavu.

"Nani kamfukuza bundi wangu?" akafoka Mkurugenzi kutoka mezani.

"Mheshimiwa, lilikuwa azimio la kikao..."

"Mwenyekiti wa kikao nani?"

Nilitazama huku na huku. Wadau wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Sasa nina furaha kuarifu kwamba uteuzi wangu umetoka, ingawa si ule. Bati limebanduliwa, lakini bundi hajarejea, na serikali haiwezi kuacha nafasi wazi. Nimeteuliwa kuwa Kaimu Bundi. Nakaa darini, na tochi na fimbo, mgongo umepinda. Mke wangu huniletea chakula, hupandisha sahani kwa ngazi bila kusema neno, maana akisema atacheka.

Masomo yameruhusiwa upya kwa amri ya Mkurugenzi. Kila wiki watoto huja, husimama chini yangu na njiti zao, huinua nyuso na kusubiri. Juzi mmoja akachoka.

"Mwalimu, mbona huyu hatapiki?"

"Mvumilieni," shemeji akajibu. "Hajakamata hata mmoja."