Wimbo wa Kondoo kwa Ngamia

Jumatatu, 17 Machi

Miezi saba hujakanyaga hapa, Ankhmaa! Mjukuu gani wewe? Ukilifungua daftari hili, ona haya kwanza, kisha soma. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya unga, usinichekee.

Ngamia wangu kichaa kazaa ndama mweupe, kamkataa. Anampiga mateke! Nikimpa ndama chupa, anatema. Asiponyonya siku mbili tatu hizi, baridi itamchukua. Dawa ni mama aimbiwe mpaka alie machozi, ndipo atamkubali mwanawe. Sauti yangu inakwaruza kama mlango. Mwimbaji ni Norjmaa, jirani. Simwombi ng'o! Alisema jibini langu kavu lafaa kupopolea mbwa mwitu.

Jumanne, 18 Machi

Akili ninayo! Simu uliyoniletea inanasa sauti. Nimejibanza nyuma ya rundo la samadi karibu na hema la Norjmaa, skafu mbili masikioni kwa ajili ya upepo. Akaimba. Nikanasa. Mbwa wake akanilamba uso mzima. Mlinzi gani yule!

Jumatano, 19 Machi

Nimefunga simu kwenye nundu, sauti juu kabisa. Balaa! Kondoo wangu, kondoo wa Norjmaa, wote mbio kutoka bondeni, wakamzingira ngamia, mee mee! Ngamia kanitemea. Nikavua skafu, nikasikiliza. "Toig, toig." Wimbo wa kondoo! Wa ngamia ni "hoos, hoos", hata mtoto wa kunyonya anajua.

Norjmaa kaja kufuata kondoo wake. Kaniuliza, dada, siku hizi ngamia wako unamkata manyoya pamoja na kondoo? Nikamwambia afunge mdomo. Kisha ndama akapiga magoti, hakuinuka.

Nikameza kiburi. Kigumu kuliko jibini langu. Nikamwomba.

Alhamisi, 20 Machi

Kaimba tangu alfajiri. Kufika adhuhuri, chozi likamtoka ngamia, tone kubwa! Ndama kanyonya mpaka tumbo likawa ngoma. Mimi nimelia kuliko ngamia. Nikampa Norjmaa jibini. Kalitafuna lote, machozi yakimtiririka. Sijui ni wimbo, sijui ni jino.

Ijumaa, 21 Machi

Mwakani simwombi mtu. Jana simu ilikuwa ndani ya mkono wa joho langu, ikinasa! Nimesikiliza: wimbo hausikiki, kilio changu tu, mwanzo mpaka mwisho. Si kibaya. Mbuzi mmoja kamkataa mwanawe leo, nitamchezea hicho. Mbuzi hana sikio la muziki.

Ukija, lete spika kubwa. Ifiche nyuma ya rundo la samadi, Norjmaa asiione, na yule mbwa mpe jibini, asikulambe.