Bibi Aliyeongezeka Kilo Sitini na Tatu

Mjini kuna watu wanaokwenda hospitali kwa sababu wanaumwa, na kuna wanaokwenda kwa sababu wengine wanaumwa. Mshauri alikuwa wa kundi la pili. Yeye mwenyewe hakuwahi kuugua hata mafua. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi la korido, nje ya Chumba Namba Tisa, amevaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi na kukumbatia faili, akisubiri mtu atoke ndani na uso wa kukata tamaa. Ndani ya faili mlikuwa na magazeti ya mwaka juzi. Jina la Mshauri alipewa na watu aliowahi kuwashauri, na hawakumpa kwa heshima.

Chumba Namba Tisa ndimo walimoamua nani anastahili kuuguzwa nyumbani. Huduma yenyewe ilikuwa mpya: sista anakufuata kwako mara mbili kwa wiki, halafu unaachiwa vyombo vya kujipima kila asubuhi, na vipimo vinakwenda vyenyewe hadi hospitali bila wewe kunyanyuka. Bure. Hilo neno la mwisho ndilo lililojaza korido. Walikuja watu wenye afya ya punda wakitaka sista wa kuwapikia, akaja pia bwana mmoja aliyedai hawezi kutoka nyumbani, kisha akaondoka kwa baiskeli. Masharti yalibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa na hakuna aliyejisumbua kuyasoma, ndiyo maana Mshauri hakukosa kazi.

Asubuhi hiyo mlango haukufungwa vizuri, naye akasogeza sikio.

"Bibi, daktari ameandika, sawa," sista alikuwa akisema. "Kidonda cha mguu kinataka mkono wa muuguzi, si wa mpishi, sawa. Kutoka nyumbani bila kusaidiwa huwezi, sawa. Moyo wako tunahitaji kuufuatilia kila siku, sawa. Limebaki sharti lilelile la juzi. Unaishi na nani?"

"Na Mungu."

"Mwenye simu, bibi."

Fimbo ya bibi ikagonga sakafu mara moja.

"Vipimo vikiwa vibaya lazima tumpigie mtu aliye karibu na wewe," sista akaendelea, kwa upole wa mtu aliyeyasema hayo tangu saa mbili. "Bila mwangalizi siwezi kukuandikisha. Na wodini hakuna kitanda hadi mwezi ujao. Mguu huu hauwezi kungoja mwezi, unajua mwenyewe daktari wa upasuaji alivyokuambia."

"Aliniambia ataukata," bibi akasema. "Aliniambia huku anaangalia saa."

Mtu mwenye moyo angemwona bibi. Mshauri alichungulia akaona boksi lililokuwa mezani: tableti mpya ndani ya nailoni yake, mizani ya kioo, mashine ya presha, na kile kidude cha kubana kidoleni. Vitu vya kigeni, vyepesi kubeba. Akanyoosha kola.

Bibi alipotoka na fimbo yake, akakuta nafasi kwenye benchi imepanguswa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia kwa bahati mbaya yaliyokukuta."

"Mungu akuzidishie masikio."

Mshauri akacheka kwa adabu. "Hawa wanataka mtu tu, bibi. Jina na namba ya simu. Mimi jina ninalo, na simu ninazo mbili. Tukiingia humo tukasema mimi ni mjukuu wako, nani atabisha?"

Bibi akamtazama kuanzia kola hadi viatu, bila haraka. "Utataka nini?"

"Sitaki kitu. Mengine mtu anafanya kwa ajili ya thawabu." Alilitamka neno hilo bila kigugumizi. Kipaji hicho hawapewi wengi.

"Huna kazi inayokusubiri?"

"Kazi yangu ni watu."

"Na polisi, wanakujua?"

Mshauri akadhani kikongwe anaogopa. "Hata sura yangu hawaijui, bibi. Na ningependa ibaki hivyohivyo."

"Vizuri," bibi akasema, akampa mkono amnyanyue.

Sista alimhoji mjukuu huyu mpya, naye mjukuu akajibu kwa ufasaha uliomfanya hata bibi amwangalie kwa heshima. Alieleza alivyolelewa kwenye mapaja ya bibi yake. Alieleza uchungu wa kumwona akichechemea. Karibu alie. Kisha sista akasogeza kimashine chenye taa nyekundu.

"Weka kidole gumba. Vyombo vinaandikwa kwa jina la mwangalizi."

Kidole cha Mshauri kilisita, maana hakikuzoea kusema ukweli. Lakini mpango alikwisha kuupika kichwani: atakaa wiki moja kama mtoto mwema, kisha wezi watavunja dirisha na kubeba kila kitu, naye atakuwa wa kwanza kupiga kelele. Nani atamshuku mjukuu anayelia? Akabonyeza. Jina lake halisi likatokea kwenye kioo, pamoja na picha yake mbaya ya kitambulisho.

Kesho yake sista alifika kwenye vyumba viwili vya bibi, akasafisha kidonda, kisha akawafundisha. Kila asubuhi kabla ya chai bibi apande mizani, avalishwe mashine ya presha, abanwe kidole. "Moyo wake ni mvivu, maji yanabaki mwilini," alisema. "Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili, hayo ni maji, si mnofu. Mtasikia simu yetu palepale." Mshauri alitikisa kichwa kwa umakini mkubwa, macho yakiwa kwenye tableti.

Wiki hiyo ilimtoa jasho. Kila siku saa kumi na mbili na nusu alitakiwa awepo, la sivyo simu inalia. Alichemsha maji. Alimwaga maji. Alipanga vidonge vya asubuhi mbali na vya jioni. Alimshika bibi kiwiko apande mizani, naye bibi kila akipanda aliuliza, "Nimenenepa?" kwa sauti ya msichana anayejaribu gauni. Mshauri hakuwahi kufanya kazi siku saba mfululizo tangu azaliwe, na sasa alikuwa akiifanya bure ili aweze kuiba. Watu hudhani utapeli ni uvivu. Wajaribu.

Siku ya nane alichukua vipimo vya asubuhi kama kawaida, kilo hamsini na nane kamili, akamwacha bibi amesinzia kitini, akafungua dirisha ili wezi wapate pa kuingilia, akaondoka na vyombo vyote begini.

Alikwenda kwa Bonge. Huyu alikuwa na duka nyuma ya karakana ya magari, limejaa feni, redio na pasi ambazo hakuna aliyeuliza zilikotoka. Bonge lilikuwa jina la haki kabisa. Mlangoni aliingia kwa ubavu.

"Sinunui kitu bila kukijaribu," alisema. Kabla Mshauri hajafungua mdomo, Bonge alikwisha kuwasha tableti na kupanda mizani ya kioo. Mizani ikalia kidogo, kwa masikitiko.

"Asante," tableti ikasema kwa sauti ya kike. "Kipimo chako kimetumwa."

"Kimetumwa wapi?" Bonge akauliza, huku akijivalisha mashine ya presha.

"Vua hiyo," Mshauri akasema.

"Tafadhali usizungumze wakati wa kupima," tableti ikasema. Wote wawili wakanyamaza. Mashine ikajaa upepo, ikapumua, na namba zikatokea kwa rangi nyekundu. "Asante. Kipimo chako kimetumwa."

Simu ya Mshauri ikaita.

"Mjukuu, bibi yuko hai?" Alikuwa sista, na nyuma yake gari lilikuwa likiunguruma.

"Yuko vizuri sana, sista, amepumzika."

"Amepumzika vipi? Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kilo hamsini na nane, sasa hivi ana mia na ishirini na moja. Ameongezeka kilo sitini na tatu kabla ya saa nne. Na presha hii sijawahi kuiona kwa mtu aliyesimama. Mlaze, mwinue kichwa, asiguse chumvi. Tuko njiani."

Mshauri akashusha simu.

"Wanasemaje?" Bonge akauliza.

"Wanasema ulale na usiguse chumvi."

Bonge akaketi juu ya redio. Rangi ilikuwa imemtoka. "Kwa hiyo hiyo presha ni yangu?" Akajifuta shingo kwa kiganja. "Mimi nina watoto wadogo, ujue. Hiyo huduma mtu anaipataje?"

"Anza kwa daktari," Mshauri akasema, akisukuma vyombo begini. "Daktari ndiye aandike. Wakikuona unahitaji muuguzi kweli na nyumbani hutoki bila msaada, watakuandikisha, ila uwe na mwangalizi. Na fomu ni bure, asikudanganye mtu."

Hapo mwandishi anaomba msomaji avue kofia, kwa kuwa huo ndio ushauri wa kwanza wa kweli Mshauri kuutoa tangu aanze kazi, na hakulipwa.

Alipanda pikipiki, begi kifuani, akamhimiza dereva hadi dereva akamwambia aendeshe mwenyewe. Hakufua dafu. Gari la wagonjwa lilikuwa mlangoni, na sista amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akimtazama bibi aliyeketi kitini akiwa mwembamba kama jana.

"Mizani iko wapi?" sista akauliza.

Mshauri akafungua mdomo. Mara zote ulikuwa ukimletea maneno wenyewe. Leo haukuleta hata moja.

"Nilimtuma mimi," bibi akasema. "Niliona mizani inayumba, nikamwambia aipeleke kwa fundi. Bila shaka huyo fundi ni mtu wa kula, akapanda kuijaribu."

Sista aliwatazama mmoja mmoja. Hakuamini, lakini alikuwa na wagonjwa wengine kumi na mmoja. "Vyombo havitoki humu," akamwambia Mshauri. "Kikitoka hata kimoja tena, jina lako na kidole chako vitakuwa polisi kabla ya chai." Akasafisha kidonda, akatoa tabasamu dogo alipoona kingo zake zimeanza kuwa nyekundu na safi, akaenda zake.

Mshauri alibaki amesimama na begi lake. Aibu ilimjia, kitu kigeni, asijue aiweke wapi.

"Asante kwa kunitetea, bibi."

"Nimekutetea wewe? Nimeutetea mguu wangu." Bibi alifunga dirisha la wezi kwa fimbo. "Kaa. Nimeshona sare za wafungwa miaka ishirini na sita. Ulivyonyoosha ile kola tu, nilikujua hadi kipimo cha kiuno."

"Basi kwa nini ukakubali?"

"Ulitaka nikatwe mguu?"

Mshauri akakaa, begi mapajani. Akauliza jambo lililomuuma zaidi. "Mpaka lini?"

"Sista anasema kidonda kitafunga baada ya miezi mitano. Ukikimbia kabla, nitakumbuka vizuri mizani ilikokwenda. Kumbukumbu yangu ni nzima, moyo tu ndio mbovu."

"Lakini bibi, mji mzima huu, umekosa mtu mwema hata mmoja?"

"Sikuwakosa." Bibi alinyanyua mguu taratibu akauegemeza juu ya mto, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha jinsi ulivyokuwa ukiuma. "Siku tatu nilikaa lile benchi. Nilimwomba mwalimu mmoja, nikamwomba mama mmoja mcha Mungu sana, nikamwomba hata jirani aliyekuwa akinileta. Watu wema kabisa, na wote walikuwa na haraka. Ukaja wewe, huna kazi, huna pa kwenda, na polisi unawaogopa. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayestahili."